Tippu Tip: Bosi wa pembe za ndovu aliyejisimulia mwenyewe. Tumuamini wapi?

Ukitoka Katubuka kushuka Ujiji, unaingia mji ambao karne ya 19 ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walipitishwa hapa, kisha Tabora, hadi Bagamoyo.

Mfanyabiashara aliyevuma kuliko wote kwenye njia hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip. Alizaliwa Zanzibar miaka ya 1830, na akiwa kijana alivuka ziwa na baba yake kutafuta pembe.

Tofauti na matajiri wengi wa zama zake, huyu aliacha maelezo yake mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Swali ni moja: neno la bosi mwenye mali linaaminika kiasi gani?

Hata jina lina stori mbili

Yeye alisema aliitwa Tippu Tip kwa sababu ya mlio wa bunduki zake. Wengine wakasema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Moja linamfanya shujaa, lingine mtu wa kawaida tu. Unaweza kukisia kwa nini alichagua la kwanza.

Yapo yaliyothibitika

Alidai alimpiga Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa sana, na kuondoka na shehena ya pembe. Hili lina shahidi. David Livingstone alikuwa maeneo hayo mwaka 1867, akakutana naye na kuandika habari za vita hivyo.

Ukoo wa kubuni

Njiani kuelekea Utetera, ndani ya Kongo ya leo, alisikia kwamba dada wa mtawala Kasongo Rushie walitekwa zamani. Alipofika, akajitambulisha kama mjukuu wa mmoja wao.

Ukweli ni kwamba mama yake alitoka familia ya Kiarabu yenye asili ya Muscat. Mzee Kasongo akaamini, akamkabidhi utawala, na pembe zikaanza kuletwa kwake. Cha ajabu, kwenye maelezo yake Tippu Tip anasimulia waziwazi jinsi alivyopata habari zile kabla ya kuzitumia. Kwake ilikuwa akili ya biashara.

Dili na Stanley

Februari 1887, Zanzibar, alisaini mkataba na Henry Morton Stanley wa kutoa wapagazi 600. Pia alikubali kuwa wali wa Mfalme Leopold wa Pili huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Wapagazi walichelewa. Kundi la msafara lililoachwa Yambuya likasubiri karibu mwaka mzima huku watu wakifa kwa njaa na magonjwa. Walipofika Juni 1888, idadi haikutimia.

Stanley alimshutumu kwa kuvunja mkataba na kumfungulia kesi Zanzibar, ila haikufika mbali. Tippu Tip naye alijitetea kwamba hakupewa baruti alizoahidiwa.

Hapa msomaji anatakiwa kuwa makini. Wote wawili walikuwa na jina la kulinda, na Stanley alikuwa na kitabu cha kuuza. Kwa hiyo usichague upande kwa kuangalia nani maarufu zaidi. Angalia mkataba ulisema nini, nani alitoa nini na lini.

Wasiosikika

Alirudi Zanzibar mwaka 1891 na kufariki huko Juni 1905, akiacha mashamba makubwa. Maelezo yake yalichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa msaada wa Mjerumani Heinrich Brode.

Humo kuna hesabu za pembe, madeni, vita na safari. Waliobeba pembe hizo wanapita kama mizigo tu. Hatujui mwanamke aliyefikishwa Ujiji akiwa amefungwa angesema nini kuhusu tajiri huyu.

Kwa hiyo tumuamini?

Pale ambapo maneno yake yanamuumbua mwenyewe, kama ile janja ya Utetera, yana uzito. Pale anapozungumzia deni au mkataba, tafuta shahidi wa pili. Na pale anaponyamaza, uliza nani alilipa gharama.

Kasongo Rushie hakuuliza. Alisikia maneno matamu ya mgeni mwenye bunduki na bidhaa, akampa nchi. Leo matajiri wanaongea kupitia simu zetu, wanaahidi ajira na faida. Kabla hujatoa hela yako au shamba lako, uliza kwanza: nikiamini, nani anafaidika?