Jenerali China na Ndege Zilizosema

Ulimi ni kiungo kidogo, lakini una uwezo wa kuwasha vita na wa kuvizima. Watu wa Embu na Meru walioishi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya zama za Mau Mau walizisikia hata ndege zikisema. Zilipita juu ya miti zikiwa na vipaza sauti, zikiwaita wapiganaji watoke wasalimu amri.

Kabla ya ndege hizo alikuwapo mtu aliyejaribu kazi hiyo kwa maneno yake. Huyo ni marehemu Waruhiu Itote, maarufu kwa jina la Jenerali China. Alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Keya, jeshi ambalo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya amri, akapigana Burma. Vita vya Mau Mau vilipoanza aliongoza wapiganaji wa Mlima Kenya.

Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi ya koo akakamatwa. Afisa wa polisi Ian Henderson, aliyekijua vyema Kikuyu, alimhoji kwa saa 68. Alihukumiwa kunyongwa, lakini akasalimika, kwa kuwa alikubali kuwaandikia barua wenzake ili pande mbili zizungumze. Mazungumzo yakaanza. Mwezi wa Aprili risasi zikalia tena, nayo yakavunjika.

Januari 1955 Serikali ilitangaza msamaha, na vipaza sauti vikaitangaza habari hiyo kutoka angani. Wapo waliotoka, lakini vita havikuisha. Si ajabu, ndugu msomaji. Chombo kile kilikuwa na kinywa, masikio hakikuwa nayo. Aliyekuwa chini ya mti hakuweza kukiuliza neno, na anga hiyohiyo ilikuwa njia ya ndege za mabomu. Barua ya China, hata ikitiliwa shaka, ilikuwa na mwenyewe wa kujibiwa.

China alifungwa Lokitaung, katika ukame wa Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Aliachiwa mwaka 1962, akaandika kumbukumbu zake, akafariki mwaka 1993.

Leo vyombo visemavyo vimejaa mifukoni mwetu. Maisha ya mzee huyu yanatukumbusha tuulize kwanza: anayetusemesha, je, naye anatusikia?