Januari 12: Kumkumbuka Mbaraka Mwinshehe

Kanisa huwakumbuka watakatifu wengi katika tarehe waliyofariki, si ile waliyozaliwa. Wapenzi wa muziki wa dansi nao wana tarehe yao ya namna hiyo, ingawa haimo katika kalenda yoyote. Ni Januari 12. Siku hiyo, mwaka 1979, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki dunia kwa ajali ya gari huko Mombasa, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu.

Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji. Mji huohuo wa Morogoro ulikuwa na bendi nyingine kubwa, Cuban Marimba, iliyoongozwa na Salum Abdallah. Naye Salum aliondoka mapema: alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa hajafikisha miaka 40.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha bendi hiyo akaanzisha yake, Super Volcano.

Huku kwetu Masasi na Newala, wazee wengi walimjua kwa masikio kabla ya kuiona picha yake. Barabara za kusini zilikuwa mbaya, na masika yakianza safari zilikuwa za kubahatisha. Lakini redio haikukwama kwenye tope. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipopiga nyimbo zake, gitaa la Morogoro lilisikika hadi juu ya uwanda wa Makonde, kwenye nyumba ambazo maji ya kunywa yalitafutwa mbali bondeni. Watu hao walipousikia wimbo wake uitwao Shida, hawakuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Mbaraka aliimba pia kuwalilia wengine. Dkt. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Morogoro Jazz ilitoa wimbo wa kumwomboleza. Miaka michache baadaye zamu ya kuombolezwa ikawa yake mwenyewe. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa sahani za santuri ulioitwa Ukumbusho, na kwa sahani hizo hata waliozaliwa baada ya mwaka 1979 wamemfahamu.

Muda wake wa kazi ulikuwa kama miaka 14. Kitabu cha Hekima, sura ya 4, kinatufundisha kutopima uzito wa maisha kwa kuhesabu siku. Hata hivyo tusijifariji upesi mno. Kifo cha kijana ni hasara, na nyimbo ambazo angezitunga akiwa na miaka 50 hatutazisikia kamwe.

Mpendwa msomaji, Mbaraka alikuwa na bahati moja: sauti yake ilirekodiwa. Hapa uwandani wako wapiga ngoma wa sindimba, waimbaji wa jando na unyago, na watunzi wa kwaya za vigangoni waliozikwa pamoja na nyimbo zao. Hakuna santuri, hakuna hata daftari. Baadhi yao walikufa wakiwa vijana, na wajukuu wao hawawezi kutaja wimbo wao hata mmoja.

Basi Januari 12 ikifika, usiishie kusikiliza Shida. Nenda kwa mzee mmoja kijijini kwako, mwombe akuimbie, umrekodi kwa simu. Andika jina lake, la kijiji na la aliyeutunga wimbo. Na kama mtunzi huyo ameshafariki, liandike jina lake pia kwenye orodha ya marehemu tunaowaombea Novemba 2.