Charles Lindbergh na Safari ya New York hadi Paris

Charles Lindbergh alizaliwa tarehe 4 Februari, 1902, katika mji wa Detroit, nchini Marekani. Mama yake alikuwa mwalimu wa kemia. Lindbergh alianza masomo ya uhandisi katika chuo kikuu, lakini aliyaacha akajifunze urubani. Mwaka 1926 kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa ndege kati ya St. Louis na Chicago.

Siku hizo mwenye hoteli mmoja, Raymond Orteig, alikuwa ameahidi dola 25,000 kwa atakayekuwa wa kwanza kuruka kati ya New York na Paris bila kutua njiani. Marubani kadhaa walikwisha poteza maisha yao kwa ajili ya safari hiyo. Lindbergh akaamua kwenda peke yake, katika ndege yenye injini moja.

Kwanza ilimpasa kujua umbali. Mjini San Diego, ambako ndege yake iliundwa, alitandika uzi juu ya tufe la dunia, akaupima. Njia iliyo fupi kuliko zote haikufuata mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani. Ilipinda kuelekea kaskazini, kwa kuwa dunia ni mviringo. Urefu wake ulikuwa kilometa 5,800 hivi.

Umbali huo ulihitaji petroli nyingi, nayo ndege iliyo nzito mno haiwezi kupaa. Lindbergh alijaza lita 1,700 hivi. Ili kupunguza uzito aliacha redio na parachuti, akachukua maji na sandwichi tano tu.

Tarehe 20 Mei, 1927, saa 1:52 asubuhi, ndege ilipaa kwa taabu, ikapita juu kidogo tu ya nyaya za simu. Usiku, juu ya bahari ya Atlantiki, barafu ilianza kuganda kwenye mabawa, ikambidi ageuke kuyakwepa mawingu. Lakini adui yake mkubwa alikuwa usingizi, maana hakulala usiku wa kuamkia safari. Hapakuwa na mtu wa kumwamsha. Kama angelala kwa dakika chache tu, ndege ingeweza kutumbukia baharini.

Alitua Paris tarehe 21 Mei, saa 4:22 usiku kwa saa za huko. Ukihesabu upesi utasema kwamba alisafiri kwa saa 38 na nusu. Sivyo. Jua huchomoza Paris kabla ya New York, na siku ile saa za Paris zilikuwa mbele kwa saa 5. Toa saa hizo 5, nawe utapata saa 33 na nusu. Sasa gawanya kilometa 5,800 kwa 33.5. Wastani wa mwendo wake ulikuwa kilometa 173 hivi kwa saa.

Lindbergh alifariki tarehe 26 Agosti, 1974, huko Hawaii. Wakati huo ndege za jeti zilikwisha kuwa zikiwachukua abiria kutoka New York hadi Paris kwa muda wa saa 7 hivi. Safari ya kurudi huchukua muda mrefu zaidi, ingawa umbali ni ule ule, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi.