Alexis Kagame na swali la kijana

Nilipokuwa shuleni Bweremana, kando ya Ziwa Kivu, ngeli za nomino tulizikariri tu. Aliyeuliza kwa nini mtu huanza kwa m- na kitu kwa ki- aliambiwa anakili ubaoni na asipoteze muda wa wenzake. Swali hilo nililikuta tena chuo kikuu, katika maisha ya Alexis Kagame.

Kagame alizaliwa Kiyanza, Rwanda, mwaka 1912, katika ukoo wa wajuzi wa mila za ikulu. Tangu ujana wake aliwafuata wazee na watunzi wa mashairi ya wafalme, akawauliza na kuandika waliyoyahifadhi vichwani. Mwaka 1941 alipata upadri. Mwaka 1952 alitumwa Roma, na mwaka 1955 akapata udaktari wa falsafa.

Kitabu chake cha mwaka 1956 kiliihoji sarufi ya Kinyarwanda kama mtu anavyomhoji mzee. Aristotle aliyagawa yaliyopo katika makundi kumi, Kagame, akiongozwa na ngeli, alipata manne: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, akilinganisha lugha nyingi za Kibantu. Alifariki Nairobi mwaka 1981.

Si wote waliokubali. Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kwamba falsafa ni hoja za mtu anayewajibika kwazo, haikulala ndani ya lugha ikingoja kuamshwa.

Likizo iliyopita niliwaeleza watoto wa Bweremana makundi hayo manne. Msichana mmoja akauliza: je, kijana na kipofu ni vitu? Nilitaka kumwambia aandike tu. Badala yake nikawapa sentensi wazijaribu. Wakagundua wenyewe kwamba tunasema kijana amekuja, wala si kimekuja: neno limevaa ki-, lakini kitenzi kinamtambua mtu. Kisha wakalinganisha na Kihunde na Kinyarwanda cha nyumbani kwao, lugha ambazo shuleni kwetu zilikuwa za kunyamaziwa.

Jioni ile Kagame alipata mpinzani wa miaka kumi na mmoja. Nadhani padri aliyezoea kuuliza wazee angemkaribisha. Mimi nilijifunza kwamba kila ninapojibu haraka mno, huenda namfunga mdomo Kagame mwingine.