George Washington Carver na udongo uliochoka wa Alabama

Watu wengi wanaolifahamu jina la George Washington Carver wanamjua kama Mmarekani Mweusi aliyegundua siagi ya karanga. Habari hiyo si ya kweli. Alichokifanya ni kikubwa zaidi: alitumia karibu nusu karne kutafuta njia za kuotesha chakula kwenye ardhi iliyochakaa, njia ambazo hata mkulima asiye na senti mfukoni angeweza kuzifuata.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 katika jimbo la Missouri, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa Marekani. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa katika shamba la mzungu aitwaye Moses Carver. George akiwa bado mchanga, majambazi walivamia shamba hilo usiku wakamteka yeye na mama yake. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuatilia. Aliyepatikana ni mtoto peke yake, na inaelezwa kwamba malipo ya kumrudisha yalikuwa farasi mmoja. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipopigwa marufuku, George na kaka yake Jim walilelewa na Moses na mkewe Susan. Kifaduro kilikuwa kimemdhoofisha George, hivyo hakupelekwa kwenye kazi nzito. Alibaki nyumbani na Susan akijifunza kupika, kufua, kudarizi na kutunza bustani. Muda uliobaki alikuwa porini akikusanya mimea na kuotesha ile iliyonyauka. Majirani walianza kumletea maua yao yaliyougua awatibie, wakamwita daktari wa mimea. Hakuwa amekanyaga darasa hata siku moja.

Shule ya jirani haikupokea watoto Weusi. Iliyowapokea ilikuwa Neosho, mbali na nyumbani, naye alikwenda huko kwa miguu akiwa bado mtoto. Alipokewa na Mariah Watkins, mkunga mwenye ujuzi wa mitishamba. Inasimuliwa kwamba alipojitambulisha kama George wa Carver, mama huyo alimkataza: yeye si mali ya mtu, tangu siku hiyo aitwe George Carver.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama katika jimbo la Kansas, akisoma huku akijilipia ada kwa kufua nguo na kupika. Mwaka 1879, katika mji wa Fort Scott, alishuhudia umati wa watu weupe ukimuua mtu Mweusi, akaondoka mjini hapo. Baadaye chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kikamfukuza mlangoni kilipoona rangi ya ngozi yake. Ilipofika mwaka 1890 ndipo Chuo cha Simpson, Iowa, kilipompokea, tena kusomea uchoraji. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea kwa usahihi, akamshauri akasomee sayansi ya mimea. Mwaka 1891 akawa mwanafunzi wa kwanza Mweusi katika chuo cha kilimo cha Iowa, mjini Ames. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, akibobea katika magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu.

Angeweza kubaki Ames, maana chuo kilikuwa tayari kimempa kazi ya kufundisha. Lakini mwaka huohuo wa 1896 Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Weusi cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwomba aje kuongoza idara ya kilimo. Akakubali, na hakuondoka huko hadi kufa kwake.

Alichokikuta Alabama kilikuwa cha kusikitisha. Pamba ilikuwa imelimwa kwenye ardhi ileile mwaka baada ya mwaka, hadi mlangoni mwa nyumba. Rutuba ilikuwa imeisha na mvua ilikuwa imechimba makorongo mashambani. Wakulima wengi Weusi walikuwa watumwa wa zamani au watoto wa watumwa. Hawakuwa na ardhi: walilima ya mwingine kwa kugawana mavuno, wakachukua mbegu na unga kwa mkopo dukani, na msimu ulipoisha deni lilikuwa palepale. Mwenye duka na mwenye shamba walitaka pamba, si kingine. Kwa hiyo familia ilizungukwa na mashamba huku ikila vibaya.

Maabara nayo haikuwepo. Carver na wanafunzi wake waliokota chupa, vyungu vibovu na vipande vya waya kwenye majalala, wakatengeneza vyombo vyao wenyewe. Shamba la majaribio alilokabidhiwa lilikuwa na udongo mbovu kama wa wakulima wenyewe, na nadhani hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kusema kwamba mazao ya profesa yalistawi kwa kuwa alipewa ardhi nzuri.

Mbolea ya dukani ilikuwa ghali. Carver aliwatuma wanafunzi msituni na kwenye vinamasi kukusanya majani yaliyooza na tope jeusi, wakayatandaza shambani. Kisha alipanda kunde. Katika miaka ya 1880 watafiti wa Ujerumani walikuwa wamethibitisha kwamba bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Carver aliuchukua ugunduzi huo, uliokuwa bado mpya vitabuni, akaupeleka kwa mtu mwenye nyumbu mmoja na jembe bovu. Ulime kunde au karanga msimu huu, masalia yake uyafukie, halafu urudishe pamba. Vilevile alihimiza viazi vitamu, ambavyo huzaa hata pale udongo usipokuwa mzuri sana.

Kunde, kwa njia, asili yake ni bara letu la Afrika. Karanga zilitoka Amerika Kusini, zikaletwa Afrika na Wareno, na baadhi zikafika Marekani kwa meli za watumwa.

Tangu mwaka 1898 alitoa vijitabu, vikafika 44 kwa jumla. Vilikuwa na maelezo ya kilimo kwa mkulima, sayansi kidogo kwa mwalimu na mapishi kwa mama wa nyumbani. Kile cha mwaka 1916 kuhusu karanga kina njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mwaka 1906 alibuni gari la kukokotwa na wanyama lililobeba majembe, mbegu na vifaa vya kusindika maziwa, likazunguka vijijini kufundisha kwa vitendo. Fedha zilitolewa na tajiri wa New York, Morris Jesup. Aliyeliongoza, Thomas Campbell, akawa bwana shamba wa kwanza Mweusi kuajiriwa na serikali ya Marekani.

Utafiti wake haukuishia kwenye mazao. Vilima vya Alabama vina udongo wa mfinyanzi wa rangi nyingi, mweupe, wa njano na mwekundu. Carver aliuchuja na kuusaga akapata rangi za kupaka nyumba, na mwaka 1911 alitoa kijitabu cha kuonyesha familia maskini jinsi ya kupendezesha kuta zao bila kununua chochote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 fukusi anayetoboa vitumba vya pamba alienea kutoka Texas hadi Alabama, na wakulima waliokuwa wamekaidi wakalazimika kutafuta zao jingine. Karanga zikapanda chati. Mwaka 1921 wazalishaji wa karanga walimtuma Carver mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington kuomba ushuru dhidi ya karanga za nje. Alipewa dakika 10. Kulikuwa na mbunge aliyemfanyia mzaha wa kibaguzi, lakini Carver aliendelea kutoa bidhaa moja baada ya nyingine kutoka sandukuni, na wabunge wakamwongezea muda. Aliondoka akipigiwa makofi.

Umaarufu ulianzia hapo, na chumvi nayo. Magazeti yaliandika kwamba alikuwa amebuni bidhaa 300 za karanga. Nyingi hazikuwahi kuuzwa sokoni, na Carver hakuandika kanuni zake kwa ukamilifu, kiasi kwamba wengine hawakuweza kurudia majaribio yake. Hiyo ni kasoro kubwa kwa mtafiti. Hataza alipata tatu tu, kati ya 1925 na 1927, moja ya vipodozi na mbili za rangi. Siagi ya karanga ilikuwa imepewa hataza mwaka 1884, kwa Marcellus Edson wa Montreal. Hata mafuta ya karanga aliyowachua nayo wagonjwa wa polio hayakuthibitishwa kuwa dawa.

Kwa maoni yangu, hadithi ya bidhaa 300 imemdhulumu Carver, kwa kuwa imeficha kazi ya udongo. Tofauti inaonekana vizuri huku kwetu. Miaka michache baada ya kifo chake, Waingereza walipeleka matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, Tanganyika, kulima karanga kwenye maeneo makubwa bila kwanza kuupima vya kutosha udongo na mvua ya mahali hapo. Mradi huo ulivunjwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea.

Carver hakuoa. Aliishi kwenye chumba cha bweni, alivaa koti kuukuu lenye ua kifuani, na mara nyingi hundi za mshahara zilikaa bila kupelekwa benki. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington. Akiba yake, takriban dola 60,000, aliiacha kwa mfuko wa kuendeleza utafiti chuoni hapo.