Mama wa Albamu: Maisha ya Julia Margaret Cameron

Siku ya mahafali, wapiga picha hufika getini kabla ya wahitimu. Siku hizi wengi wanakuonyesha kazi zao kwenye simu, lakini yupo mmoja, mtu wa makamo, ambaye bado anatembea na albamu aliyoibandika mwenyewe kwa gundi. Unaifungua, unaona harusi, kipaimara, majoho, halafu ndiyo mnapatana bei. Mwaka wa kwanza nilimcheka. Mwaka huu simu yangu iliibiwa kwenye daladala ikiwa na picha zote za darasa nililofundisha kwenye mazoezi ya ufundishaji, na sina tena hata moja. Tangu hapo simcheki. Nikaanza kusoma habari za watu walioishi na albamu, ndipo nikakutana na huyu mama.

Julia Margaret Cameron alizaliwa Calcutta, India, tarehe 11 Juni 1815. Baba yake alikuwa Mwingereza, mtumishi wa Kampuni ya East India, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Kifaransa, ndiyo maana elimu yake kubwa aliipata Ufaransa. Mwaka 1836 aliugua, akapelekwa kupumzika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini ya leo. Huko alikutana na wanaume wawili ambao hawakutoka tena katika maisha yake. Wa kwanza ni Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi miaka 20. Walioana mwaka 1838. Wa pili ni John Herschel, mwanasayansi aliyekuwa huko kuchunguza nyota za anga ya kusini. Herschel huyu ndiye aliyekuwa amegundua mapema, mwaka 1819, dawa ambayo baadaye iliwasaidia wapiga picha kuzuia picha zisifutike. Julia aliporudi Calcutta, Herschel alimtumia huko sampuli za picha za mwanzo kabisa duniani. Mshike huyo mzee kichwani, tutamrudia.

Mwaka 1848 familia ilihamia Uingereza, na mwaka 1860 wakanunua nyumba Freshwater, kwenye kisiwa cha Wight, jirani na mshairi Tennyson. Kwa nje walionekana watu wenye nafasi. Ndani pesa ilikuwa inabana. Mume alikuwa amestaafu na mali yao ilikuwa kwenye mashamba ya kahawa kule Ceylon, Sri Lanka ya leo, na mashamba hayakuwa yakilipa vizuri. Mara kwa mara mzee alisafiri kwenda kuyaangalia, mama anabaki.

Kumbe kabla hata hajamiliki kamera, Julia alikuwa tayari mtu wa albamu. Julai 1863 alimtengenezea dada yake, Maria, albamu ya picha zilizopigwa na watu wengine, ikiwa na nafasi ya kuendelea kujazwa. Desemba mwaka huohuo binti yake na mkwewe wakamletea zawadi ya kamera, ili apate cha kufanya wakati mumewe yuko mbali. Alikuwa na miaka 48. Kwa hesabu za watu wengi, huo ni umri wa kusubiri wajukuu.

Yeye akahamisha kuku. Banda lao la vioo likawa studio, na chumba cha makaa ya mawe kikawa chumba cha giza. Usifikiri kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza tu. Unachukua kioo kikubwa, unakimwagia dawa nzito inayonata, unakitumbukiza kwenye maji ya dawa ya fedha, unakimbiza kwenye kamera kikiwa bado kibichi. Anayepigwa picha anakaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Kisha unakirudisha gizani na kukisafisha kabla hakijakauka. Nakala ya karatasi nayo ilitengenezwa kwa karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai, ikaanikwa juani chini ya kile kioo. Vidole vinabaki vyeusi na nguo zinaharibika. Januari 1864, baada ya vioo kadhaa kuharibika, alipata picha ya binti mdogo aitwaye Annie Philpot, akaihesabu ndiyo mafanikio yake ya kwanza. Siku hiyohiyo aliisafisha, akaitia fremu na kumpa baba wa mtoto.

Aliwapiga picha wakubwa wa zama zake: Tennyson, Herschel, na Darwin alipofika Freshwater mwaka 1868. Lakini pia alimpiga mara nyingi Mary Hillier, msichana wa kazi pale nyumbani, akimvika shuka na kumfanya Bikira Maria. Ukiziweka picha hizo pembeni ya za wakubwa, huwezi kujua nani alikuwa anafagia na nani alikuwa anafagiliwa.

Mabwana wa chama cha wapiga picha London hawakumpenda. Walisema picha zake zina ukungu, zina alama za vidole, vioo vina mikwaruzo. Walimwona mama wa nyumbani aliyejipatia mchezo. Ni kweli kwamba ukungu mwingine ulitokana na lensi yake na mikono isiyozoea. Lakini mwingine aliutaka mwenyewe, maana alikuwa akisogeza lensi mpaka anapoona uso umependeza, anaishia hapo, hata kama kila unywele hauonekani. Berlin walimpa medali ya shaba mwaka 1865 na ya dhahabu mwaka 1866.

Na halikuwa suala la mchezo. Alisajili hakimiliki ya picha zaidi ya 500, akaziuza kupitia duka la Colnaghi jijini London, na mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington likanunua kazi zake. Mwaka 1868 jumba hilo lilimpa vyumba viwili avitumie kama studio. Alihitaji pesa, na hakuficha. Bahati mbaya gharama za dawa na vioo zilikula karibu kila alichopata.

Sasa turudi kwenye albamu, kwa sababu ndizo zilizobeba maisha yake. Februari 1864, mwezi mmoja tu baada ya picha ya Annie, alikuwa ameshaanza albamu kwa ajili ya mchoraji Watts, mshauri wake. Novemba mwaka huo akamkabidhi Herschel ya kwake. Agosti 1865 akampa nyingine Lord Overstone, tajiri wa benki ambaye alikuwa anawasaidia familia yake kwa pesa. Hiyo ina picha zaidi ya 100, zimepangwa kwa mafungu: sura za watu, picha za Bikira Maria na mtoto, na picha za kubuni kutoka hadithi na mashairi. Alichagua mwenyewe, akabandika, akaandika majina kwa mkono wake. Mtu ambaye hawezi kulipa anachodaiwa alitoa kitu ambacho mwenye pesa zote asingeweza kukikuta dukani. Sisi tunaojua bumu likichelewa linavyotudhalilisha mbele ya mwenye kibanda cha chipsi tunaelewa kidogo alivyojisikia.

Kinachonigusa mimi kama mwalimu mtarajiwa ni kilichotokea mwaka 1867. Julia aliomba albamu ya Herschel irudishwe. Zawadi ameshaitoa, miaka imepita, lakini yeye alikuwa amekua kikazi na alijua sasa anaweza zaidi. Akaipanga upya, akaongeza picha mpya, zikiwemo za Herschel mwenyewe alizompiga mwaka huohuo nyumbani kwake, nywele nyeupe zimesimama, macho ya mtu aliyetazama nyota maisha yote. Kisha akairudisha. Ilifikia picha 94. Mwanafunzi alichukua daftari lake akalisahihisha mwenyewe bila kuambiwa, akampelekea tena mwalimu.

Mwaka 1874 Tennyson alimwomba picha za kuingiza kwenye kitabu cha mashairi yake. Alifanya kazi ngumu, akawavika majirani kofia na mapanga ya wafalme wa kale. Kitabu kilipotoka, picha zilikuwa zimepunguzwa zikawa vichoro vidogo vya kuchonga kwenye mbao. Hakukaa kulalamika. Akatoa toleo lake mwenyewe, kubwa, lenye picha halisi zilizobandikwa na mashairi yaliyochapwa kwa mwandiko wake.

Mwaka 1875 pesa ilizidi kuwa ngumu, wakahamia Ceylon karibu na watoto wao wa kiume na mashamba. Huko alipiga picha chache, wafanyakazi wa mashambani na wanakijiji, maana dawa na maji safi vilikuwa taabu kupatikana. Alifariki tarehe 26 Januari 1879. Picha zake zinazojulikana leo ni zaidi ya 1,200, zote za miaka kumi na michache tu.

Albamu ya Lord Overstone sasa iko jumba la Getty, Los Angeles. Ile ya Herschel iliuzwa mnadani mwaka 1974, ikanunuliwa na Mmarekani. Waingereza wakazuia isitoke nchini, wananchi wakachanga, na mwaka 1975 ikanunuliwa na jumba la taifa la picha za watu la London. Zawadi ya mwanamke aliyeambiwa hajui kushika kamera ilichangiwa na umma.

Mimi juzi nimenunua kaunta buku na gundi. Nimemwomba mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye anitumie picha zozote alizonazo za kile kidato cha pili. Amepata saba. Nimezisafisha studio, nimezibandika, na chini ya kila moja nimeandika majina ya watoto ninaowakumbuka. Wanne sijawapata bado. Kurasa zao nimeziacha wazi.