James Clerk Maxwell na Rangi Tatu

Wengi humjua James Clerk Maxwell kwa hesabu zake za umeme na sumaku. Mimi nataka kuwasimulia kazi yake nyingine, iliyo mbele ya macho yetu kila siku, nayo ni picha za rangi.

Maxwell alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 13 Juni 1831, akalelewa shambani Glenlair. Mamaye alifariki mwaka 1839, naye ana miaka 8 tu. Alipopelekwa shule ya Edinburgh Academy alifika na nguo za kigeni na lafudhi ya shamba. Wenziwe wakamcheka, wakambandika jina la utani lenye maana ya mpumbavu. Lakini mwaka 1846, akiwa na miaka 14, aliandika makala ya hesabu iliyosomwa mbele ya wataalamu wa Royal Society of Edinburgh. Alisomewa na profesa, maana yeye alihesabiwa kuwa mdogo mno kusimama mbele ya wazee wale.

Baadaye akasoma Cambridge, na mwaka 1854 akashika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hesabu. Tena alichunguza rangi. Alitengeneza pia yenye karatasi za rangi, akaizungusha upesi hata jicho lisiweze kuzitenganisha. Kwa mchezo huo wa watoto alionyesha kuwa rangi tatu, zikichanganywa kwa vipimo, hutosha kutoa karibu rangi zote tuzionazo.

Mwaka 1860 chuo chake cha Aberdeen kiliunganishwa na kingine, naye akapoteza kazi. Akahamia King's College, London. Tarehe 17 Mei 1861 akasimama mbele ya watu wa Royal Institution. Thomas Sutton, mpiga picha, alikuwa amepiga utepe wa rangi nyingi mara tatu, kupitia chujio jekundu, la kijani na la buluu. Picha zilitoka nyeusi na nyeupe. Maxwell akazimulika kwa taa tatu, kila moja na chujio lake, zikalaliana mahali pamoja, na utepe ukaonekana na rangi zake.

Nampenda zaidi kwa kuwa hakujigamba. Alieleza wazi kwamba picha za nyekundu na kijani hazikutoka vema kama ya buluu. Kwa kweli dawa ya sahani za siku zile haikushika nuru nyekundu kabisa! Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, wachunguzi wa Kodak walieleza sababu: kitambaa chekundu kilirudisha pia miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho, nayo ikapenya chujio. Bahati ilimsaidia, lakini kanuni yake ilikuwa ya kweli.

Kanuni hiyo yatumika hata leo. Kioo cha simu kina vitone vya nuru nyekundu, kijani na buluu. Kwa mpiga chapa mambo hugeuka, maana wino hautoi nuru bali huimeza. Basi wino wa siani humeza nyekundu, wa majenta humeza kijani, wa manjano humeza buluu, na mweusi huongeza giza. Tena mashine ama hutia wino, ama haitii. Kwa hiyo picha huvunjwa kuwa vitone, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga. Georg Meisenbach wa Ujerumani alipata hati ya njia hiyo mwaka 1882. Nilitazama picha ya gazeti kwa lenzi ya maabara, na uso wa mtu ukawa vitone vitupu. Gazeti huwa na mistari ya vitone kama 85 katika inchi moja, na jarida la karatasi laini kama 150. Ndiyo sababu picha ya jarida ni safi zaidi.

Mwaka 1871 Maxwell akawa profesa wa kwanza wa maabara ya Cavendish. Alifariki tarehe 5 Novemba 1879, ana miaka 48, kwa saratani ya tumbo, maradhi yale yale yaliyomwua mamaye.

Basi wewe unayemcheka mgeni bwenini kwa lafudhi yake, mkumbuke yule mtoto wa Glenlair. Na wewe unayechekwa, shika kitabu chako.